Mkalimani wa Mama Mkwe

Kofi la kwanza lilimkuta Mama Chiriku ameshika pasi, na bahati ya Mungu pasi ikaangukia zulia, haikumwangukia mguuni. La pili likampeleka ukutani. La tatu halikuwa kofi tena. Fundi Geti alishakunja ngumi, na mtu anayeshinda akinyanyua mageti ya chuma tangu asubuhi mpaka jioni, akikunja ngumi, basi tena.

"Umenifanya mjinga mbele ya watu wa serikali!"

"Nimefanya nini, baba Chiriku?"

"Unaniuliza umefanya nini? Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba hii. Wewe umeletwa na mabegi yako mawili. Leo wewe ndiye unayejua lugha ya mama yangu?"

Kumbe kosa ndilo hilo. Mchana wa siku ile alikuja Afisa Lugha, mama mmoja mpole mwenye miwani na viatu visivyopiga kelele, kutoka idara ya serikali inayohifadhi lugha zinazokufa. Alikuja kwa ajili ya Bibi, mama yake Fundi Geti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kuisema lugha ya kwao kwa kinywa kizima. Akamuuliza Bibi neno fulani, Bibi likamtoka kichwani. Mama Chiriku, aliyekuwa mezani ananyoosha sare za shule alizozishona, akalitaja bila hata kuinua kichwa. Bibi akacheka, akamjibu, naye akajibu, na kufumba na kufumbua wawili wale walikuwa wanapiga soga kwa lugha ile kama wanavyofanya kila siku jikoni. Afisa Lugha akamgeukia Fundi Geti aliyesimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kichwani. "Na wewe, Fundi?" Fundi akasema anaelewa kidogo. "Ah, Fundi! Mkeo amekupiga bao!" akasema yule mama, akacheka. Alidhani anatania. Utani mwingine bwana, heri mtu angemeza ulimi wake.

Juu ya kabati, karibu na glasi za wageni, kilikaa kinasa sauti kidogo cheusi chenye taa nyekundu. Afisa Lugha alikuwa amekiacha pale tangu mwanzo wa wiki. "Kiacheni kiwake muda wote," aliwaambia. "Msikiogope. Siri zenu hatuzitaki, sisi tunachukua lugha ya Bibi tu." Fundi Geti aliyapokea maneno hayo kama yalivyosemwa. Alijua mashine kama chujio: lugha ya mama inabaki, Kiswahili kinapita. Kwa hiyo alitukana kwa Kiswahili, akapiga kwa Kiswahili, taa nyekundu ikimtazama, na roho yake kwatu.

Bibi alikuwa kwenye kigoda chake pale mlango wa jikoni. Hakuinuka. Aliita kwa lugha yake, neno moja, akalirudia, sauti imejaa machozi. Majirani waliosikia walidhani bibi wa watu anaomba dua.

Chiriku ndiye aliyeharibu. Alikuwa mtoto wa miaka saba, na jina lile alipewa kwa sababu mdomo wake haupumziki. Alitoka chini ya meza mbio kwa bibi yake, akimwita kwa lugha ya bibi yake. Baba yake akamdaka njiani. Akamshika taya kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika koleo, akabana mpaka midomo ikatoka mbele na damu ikachuruzika mahali jino lilipokata shavu kwa ndani.

"Na wewe! Nikisikia tena hayo mambo kinywani mwako, nitauziba huu mdomo kwa moto. Umesikia?"

Mtoto hakuweza hata kusema ndiyo.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, Mama Chiriku hakuzihisi mbavu zake. Aliutazama ule mkono kwenye uso wa mwanawe, akajua kwamba yaliyokuwa yake sasa yanahamia kwa mtoto.

*

Idara ya lugha ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu, feni inayolalamika na picha kubwa ukutani za wazee wanaocheka. Mama Chiriku aliitwa pale kusaidia kutafsiri, maana Bibi anachoka upesi. Alikaa pembeni mwa kiti, upande mmoja wa matako, kwa sababu ule mwingine haukukubali. Afisa Lugha alikuwepo na wenzake wawili, kila mmoja na kalamu.

"Tunaanza na Jumanne jioni," akasema Afisa. "Kuna mahali Bibi anazungumza kwa hisia kali. Tumefurahi sana."

Akabonyeza. Serikali ikitaka inanunua vifaa vizuri, jamani. Sauti ya kofi ilitoka kwenye spika safi kabisa, na pasi ikaanguka, na Mama Chiriku akajisikia mwenyewe akiuliza nimefanya nini, baba Chiriku. Alitamani sakafu ipasuke. Wale wenzake Afisa waliangalia karatasi zao. Hakuna aliyezima.

"Hapo! Rudisha kidogo," akasema Afisa Lugha. "Hapo Bibi. Anasema nini?"

Mama Chiriku aliwatazama wale wazee wanaocheka ukutani.

"Dada'angu, tusaidie. Neno hili hatuna popote."

"Anasema... Anamwambia mwanawe, piga chini ya nguo. Usoni watu wataona."

Feni ikalalamika. Mmoja wa wale wenzake akakohoa.

"Yote hayo ni neno moja?" akauliza Afisa Lugha.

"Neno moja."

"Neno moja tu lenye maana yote hiyo!" Macho yalimng'aa nyuma ya miwani, kalamu ikaanza kukimbia. Ilimchukua muda kukumbuka kusikitika. "Pole sana lakini. Pole, dada'angu. Wanaume hawa."

"Nipe hiyo sauti," Mama Chiriku akasema.

"Sauti ipi?"

"Hiyo. Niende nayo polisi. Kila nikisema nimepigwa, ndugu zake wanasema najigonga mlangoni. Leo mmesikia wenyewe, nyote watatu."

Afisa Lugha akaweka kalamu chini polepole. Akasogeza kiti, akamshika mkono kwa viganja laini visivyojua sufuria. "Sikiliza, mdogo wangu. Hii ni mali ya serikali, siwezi kuitoa. Na jambo lingine. Bibi ametuambia kwa mdomo wake: siku mwanawe akiguswa na polisi, yeye hasemi tena. Jumamosi tuna uzinduzi, Mheshimiwa Waziri anakuja. Bibi akifunga kinywa, lugha imekufa. Unaelewa uzito wake? Imekufa, haifufuki."

"Na mimi nikifa?"

"Usiseme hivyo. Vumilia mpaka Jumamosi."

"Lakini mimi naijua lugha. Nitawasemea mimi, usiku na mchana."

Afisa Lugha alitabasamu kwa huruma, kama anavyotabasamiwa mtoto aliyejitolea kubeba gunia. "Unaijua, ndiyo. Lakini wewe si mzawa wake, dada'angu. Wataalamu hawatakukubali."

Mama Chiriku akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda polisi mikono mitupu.

Askari wa zamu alimtazama kutoka juu mpaka kiunoni. "Umepigwa wapi? Mbona uso mzuri tu?" Alipotaka kueleza alama zilipo, askari akamwambia mwenzake asogee waone wote, wakacheka kidogo, kisha akauliza nyumba ni ipi. Alipotajiwa, kalamu yake ikasimama.

"Aa, wewe ni wa kwa yule bibi wa lugha? Tumeshapigiwa simu. Nenda nyumbani, mama. Jumamosi ipite kwanza, tutaangalia."

*

Bibi alikuwa anamenya vitunguu. Mama Chiriku alivuta kibao akaketi mbele yake, na maneno yao yakaenda kwa lugha ya Bibi, kama kawaida yao, maana miaka yote ile hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtu mwingine wa kuongea naye kutwa nzima.

"Mama, umewaambia nini watu wa serikali?"

"Nimewaambia ukweli. Mwanangu akitiwa pingu, kinywa changu nimekifunga. Nilimzaa peke yake. Sina akiba ya watoto."

"Ataniua."

"Mimi baba yake alinipiga mpaka meno haya ya pembeni yakatoka. Nimekufa? Si niko hapa namenya vitunguu?"

"Na Chiriku, je?"

Kisu cha Bibi kikasimama. "Hajampiga."

"Damu ilitoka kinywani, mama. Uliiona."

"Alimshika tu," Bibi akasema, akaendelea kumenya. Lakini kitunguu kile alikimenya mpaka kikaisha mkononi.

Fundi Geti akaingia kwa mlango wa uani, Chiriku akiwa nyuma yake. Siku hizi alikuwa anamchukua mtoto karakana ya uani kila akitoka shule, akimketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa kati ya mageti, na mama yake alijua sababu. Mkononi alishika kipande cha nondo. Mama Chiriku akasimama, akajikunja tayari.

"Tulia," akasema mumewe. Sauti ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomtia baridi. "Leo sikugusi. Nimesikia umetembea, umefika mpaka kituoni. Hongera. Lakini Jumamosi unatakiwa mzima mbele ya waziri, na mimi si mtu wa kuharibu shughuli ya mama yangu." Akaiegemeza ile nondo nyuma ya mlango, taratibu, kama mtu anayeweka mwavuli. "Wageni wakishaondoka, tutarudi nyumbani, nitafunga geti. Lile geti nimelichomelea mwenyewe. Najua linavyofunga."

"Baba Chiriku..."

"Ukitaka kukimbia, kimbia. Mtoto anabaki. Binamu zangu wanajua." Akamgeukia mama yake. "Mama, chakula kiko tayari?"

"Bado kidogo, mwanangu," Bibi akasema.

*

Ukumbi wa manispaa ulijaa mpaka madirishani. Kulikuwa na mabango, maua ya plastiki, kamera za televisheni na viti vyenye vitambaa vyeupe kwa wakubwa. Afisa Lugha alikuwa anakimbia huku na huku katika viatu vyake visivyopiga kelele.

"Bibi asitie hata neno moja la Kiswahili," akamnong'oneza Mama Chiriku. "Hata asante. Mheshimiwa anataka kuisikia lugha safi, isiyochanganywa. Yeye anasema, wewe unatafsiri. Sentensi fupifupi. Tabasamu kidogo, dada'angu."

Fundi Geti alikaa safu ya mbele, koti limembana mabegani, Chiriku mapajani pake. Kiganja chake kilipumzika kwenye shingo ya mtoto. Kila Mama Chiriku alipotazama upande ule, mumewe alikuwa anamtazama yeye, na mara moja alitazama mlango wa kutokea, kisha akamrudishia macho. Hapakuhitajika mkalimani.

Bibi alikaa jukwaani kwenye kiti cha mkono, mdogo kama mtoto aliyekosea darasa. Akapewa kipaza sauti, akasema maneno machache. Mama Chiriku akayatafsiri kwa uaminifu: Bibi anawasalimu, anashukuru kwa kiti, anasema hakujua kama serikali ina masikio. Watu wakacheka, wakapiga makofi, Waziri akapiga makofi kuliko wote.

Bibi akatiwa moyo. Akaendelea. Alisema, kwa lugha ile ambayo ukumbi mzima, ukimtoa Chiriku, aliielewa mtu mmoja, kwamba anafurahi mwanawe yupo hapa leo, kwamba yeye ndiye nguzo ya nyumba yake, na Mungu amlinde na kila mkono mbaya.

Kipaza sauti kikaletwa mbele ya Mama Chiriku. Alikikamata kwa mikono miwili, spika zikavuma. Aliwaza: hotuba mbili zaidi, wimbo, soda, halafu geti. Akavuta pumzi.

"Mama anasema," akaanza. "Mama anasema, mwanangu anampiga mkwe wangu. Anampiga chini ya nguo ili msione. Sasa ameanza na mjukuu wangu. Mama anasema, leo nyinyi wageni mkiondoka, mwanangu atafunga geti amuue huyu binti, nondo iko nyuma ya mlango. Anawaomba, kwa kuwa mmesema mnakuja kuokoa, msiwarudishe nyumbani naye."

Mpiga picha mmoja akasahau kupiga picha. Bibi alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, anamtazama mkwewe.

"Mwongo!" Fundi Geti aliruka, Chiriku akateleza mapajani. "Mwongo huyu! Mama hakusema hivyo!"

Waziri akaegemea mbele. "Kwani Bibi amesema nini, bwana? Wewe si mwanawe? Tufafanulie."

Fundi Geti akafungua kinywa. "Amesema... Mama amesema kwamba..." Akatafuta. Jasho likamtoka. "Amesema..."

Huko nyuma mtu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo tu cha pua, lakini kicheko kinaambukiza, kikaruka safu hadi safu mpaka na watu wa vitambaa vyeupe wakafunika midomo. Mwana wa mwenye lugha hajui mama yake kasema nini! Ndipo Fundi Geti alipopanda jukwaani kwa hatua moja. Alinyakua mlingoti wa kipaza sauti, ule wa kitako cha chuma, akauzungusha.

Kitako kilimpata Mama Chiriku juu ya jicho. Mlio wake ulisikika kwenye spika zote. Aliinuka akapigwa tena, shavuni, akaenda chini na kitambaa cha meza na maua ya plastiki na chupa za maji. Damu ilimwingia machoni, hakuona kitu. Alisikia viti vinaanguka, watu wanapiga kelele, na juu ya yote sauti nyembamba ya Chiriku inayokaribia.

"Chiriku, usije!" alipiga kelele.

Mtoto alishafika. Alijitupa juu ya mama yake, na baba yake akamchota kwa mkono mmoja kama anavyochota kipande cha bati, akamtupa pembeni. Chiriku alizigonga ngazi za jukwaa kwa bega, akaviringika mpaka chini, mkono umekaa vibaya. Akalia akimwita bibi yake, kwa lugha ya bibi yake.

Walinzi wa Waziri walikwisha kumwangukia Fundi Geti, wanne, na bado alikuwa anawaburura. "Muulizeni mama mwenyewe!" alikuwa anafoka sakafuni, shavu limebanwa kwenye zulia. "Muulizeni! Mama, waambie!"

Afisa Lugha aliziona kamera. Aliokota kipaza sauti, akapiga magoti mbele ya kiti cha mkono, miwani imepinda. "Bibi, waambie hukusema hivyo. Waambie ni makosa ya tafsiri. Polepole, Bibi. Kwa lugha. Kwa lugha tu, tafadhali, tunarekodi."

Bibi alikichukua kile kipaza sauti. Alimtazama mwanawe aliyemzaa peke yake, akiwa chini ya magoti ya watu wanne. Akamtazama mjukuu wake kwenye ngazi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyafuta. Aliposema, alisema Kiswahili, na kilikuwa Kiswahili kizuri tu, kama cha mtu yeyote wa sokoni.

"Ndivyo nilivyosema," akasema. "Kila neno ndivyo nilivyosema. Mchukueni."

"Bibi!" Afisa Lugha akalia.

"Mama!" Fundi Geti akalia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa. "Mama, mimi? Mama!"

Walimtoa kwa mlango wa pembeni. Aliita mpaka gari lilipofungwa.

*

Mama Chiriku alishonwa nyusi, na shavu likabaki na bonde. Mkono wa Chiriku ulifungwa bandeji ngumu, shule nzima ikaandika majina juu yake. Fundi Geti alipata kifungo, maana shahidi alikuwa waziri mzima na hakuna ndugu aliyethubutu kusema mwanamke kajigonga mlangoni. Binamu zake walikuja mara moja, wakabeba mashine ya kuchomelea, wakatema mate uani, wakaondoka. Ile nondo Mama Chiriku aliiuza kwa wanunua vyuma chakavu.

Nyumba ilitulia. Asiyewahi kuishi kwa hofu hawezi kujua utamu wa kusikia geti linagonga bila moyo kugonga nalo.

Afisa Lugha alirudi. Alileta sukari, alileta shuka, safari moja alileta barua yenye muhuri wa Waziri. Aliketi mbele ya Bibi na mashine yake inawaka, akamwomba neno moja tu, hata la kuita kuku. Bibi alimtazama, akamkaribisha maji kwa Kiswahili. Akamuuliza hali ya watoto wake kwa Kiswahili. Mashine iliwaka mpaka betri ikaisha. Safari ya mwisho, Afisa akamfuata Mama Chiriku barazani kwenye cherehani, akasimama kama mtu aliyekuja kukopa. "Basi utusemee wewe, dada'angu. Wataalamu watakubali. Nitaongea nao."

"Mimi si mzawa," akasema Mama Chiriku, akaendelea kushona.

Hakusema kwa kisasi. Alikuwa amejaribu. Jioni ile walipotoka hospitali alimwambia Bibi asante, kwa lugha yao, na Bibi akageukia dirisha. Kesho yake alimwamkia kwa lugha yao, Bibi akaitikia kwa Kiswahili. Akamletea maneno ya utani waliyokuwa wanachekea jikoni, yale ya kumsema mwenye duka mwenye kitambi, akayasema yote peke yake mpaka mwisho, na Bibi akaendelea kuchambua mchele. Alikula chakula cha mkwewe, alimsuka mjukuu wake, alikubali kuogeshwa mgongo. Hakumlaumu. Alikuwa ameahidi kwamba mwanawe akitiwa pingu atafunga kinywa, na alikuwa mtu wa ahadi.

Usiku mmoja wakiwa mezani, watatu, Bibi alionja mboga, akaweka kijiko.

"Chumvi imezidi leo," akasema kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mgeni.

"Samahani, mama," Mama Chiriku akajibu kwa Kiswahili.

Akainuka, akaenda uani, akaufunga mlango nyuma yake. Yeye ambaye hakutoa chozi siku anashonwa uso bila ganzi ya kutosha, alikaa juu ya ile ndoo iliyopinduliwa akalia mpaka Chiriku akamfuata kumuuliza nani kampiga.